Jicho vivu ukubwani: usinunue kifaa cha umeme bado

Pole sana, kaka. Una miaka 31, jicho la kushoto ni vivu, yaani halioni vizuri, tangu utotoni, na sasa unauliza kama ununue mtandaoni kile kifaa cha kupitisha umeme kichwani ili lione vizuri zaidi. Usinunue.

Wazo lenyewe si uongo. Katika jicho vivu, tatizo kubwa liko kwenye ubongo, uliozoea kulipuuza jicho hilo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walijaribu njia inayofanana na hiyo: waliweka kisogoni, penye sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona, koili ya sumaku (waya uliozungushwa) inayoamsha umeme mdogo ndani ya ubongo. Koili inagonga tak-tak-tak, mtu yuko macho kabisa, hakatwi popote. Watu wazima waliona vizuri zaidi mistari myembamba iliyofifia kwa jicho lile vivu. Lakini nafuu hiyo ilikuwa ya muda mfupi, na waliojaribiwa walikuwa wachache mno. Hadi leo hii si tiba ya kawaida.

Ukiwa na kifafa, betri ya moyo au chuma kichwani, jambo hili ni la hatari, na muuzaji wa mtandaoni hatakuuliza.

Nenda kwanza kwa daktari wa macho akupime upya, maana huenda miwani yako ni ya zamani, au kuna ugonjwa mwingine uliojificha. Muulize pia kuhusu mazoezi ya kutumia macho yote mawili pamoja. Na hilo jicho zima, kaka, lilinde: vaa miwani ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, kila unapopanda pikipiki, na ukichomelea vaa kinyago cha kuchomelea chenye kioo cheusi.