Kilimia kupotea kwenye darubini: punguza ukuzaji

Umeuliza kwa nini Kilimia, lile kundi la nyota, kinapendeza kwa macho matupu, lakini ukikilenga kwa darubini unabaki na nyota nne tano zilizotawanyika. Darubini yako ni nzima. Tatizo ni kwamba unakuza kupita kiasi.

Nyota angavu za kundi hili (M45 kwenye ramani za nyota) zimeenea zaidi ya digrii 1 ya anga, yaani Mwezi mpevu mara mbili na ushei. Darubini yenye urefu wa fokasi (umbali ambao lenzi au kioo chake kikuu hukusanya mwanga) wa milimita 1000, ukiiwekea lenzi ya jicho ya milimita 10, inakuza mara 100 na kukuonyesha takribani nusu digrii tu. Weka ya milimita 25, au 32 ukiwa nayo, na lenzi ya Barlow, ile inayozidisha ukuzaji, itoe kabisa.

Kusema kweli, kwa Kilimia binokula ya 10x50 (inayokuza mara 10, yenye lenzi za mbele za milimita 50) inaishinda darubini. Ila laza mgongo kwenye kiti cha kuegemea: Dar es Salaam Kilimia hufika karibu digrii 60 juu upande wa kaskazini, na ukitazama umesimama mikono itatetemeka na shingo itauma. Rekebisha fokasi mpaka uione pembetatu ya nyota tatu hafifu ubavuni mwa Alcyone, nyota ya Kilimia inayong'aa kuliko zote. Kwa macho matupu wengi huhesabu sita. Nyota ya Pleione imebanana na mwenzake Atlas, ndiyo maana huwaponyoka watu.

Ukungu wa buluu wa kwenye picha usiutarajie mjini. Ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, na linataka giza la kweli na macho yaliyozoea giza kwa dakika 20 hadi 30, bila kuchungulia simu. Ukidhani umeuona karibu na Merope, nyota nyingine ya Kilimia, geukia Aldebaran, ile nyota nyekundu jirani. Nayo ikiwa na ukungu, basi ni umande kwenye lenzi. Usiufute kwa shati; acha ukauke wenyewe.

Wakati mzuri ni Desemba hadi Februari. Mapema Januari kinafika juu kabisa mnamo saa 3 usiku. Mei usihangaike, kinakuwa upande wa Jua. Wazee walishasema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua: Juni kitafute alfajiri, mashariki kuelekea kaskazini, kabla hakujapambazuka.