Kupanga Uzazi Baada ya Miaka 45: Mliyouliza

Nina miaka 47, niko Kisauni. Hedhi hukosa miezi mitatu, kisha yaja. Niliacha vidonge. Kuna haja ya kinga tena?

Ipo. Hedhi kuruka si dalili kwamba mayai yamekwisha; yai laweza kupevuka mwezi wowote, bila hodi. Hesabu ni hii: ukiwa chini ya miaka 50, endelea kujikinga miaka 2 tangu hedhi ya mwisho; ukipita 50, mwaka 1. Damu ikija baada ya miezi 10 ya kuhesabu, waanza upya. Ukifika 55 waweza kuacha. Hesabu hii haimfai aliye kwenye sindano, kijiti (kile cha homoni kiwekwacho chini ya ngozi ya mkono) au vidonge, maana hizo zenyewe hubadilisha hedhi. Na damu ikitoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, usikae nayo nyumbani: kaonane na daktari.

Mume wangu ni baharia, huja wiki chache kwa mwaka. Nimeze vidonge mwaka mzima kwa ajili hiyo?

Si lazima. Kondomu zatosha, mkizitumia kila mara. Kinachoziharibu sana ni mafuta ya nazi: umri huu uke hukauka, mtu hushika chupa iliyo karibu, na mafuta hulegeza mpira ukapasuka. Nunua jeli ya maji duka la dawa. Mpira ukipasuka, meza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Ukitaka kijiti, kikiwekwa ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi hufanya kazi papo hapo. Siku nyingine, ngoja siku 7. Basi usisubiri meli itie nanga Kilindini ndipo uende kliniki.

Nina presha. Nesi alininyima vidonge, nikaacha yote.

Kukunyima alifanya sawa, ila hakupaswa kukuacha mikono mitupu. Vidonge vya mchanganyiko vina homoni ya estrojeni, ambayo hupandisha presha na kuongeza hatari ya kiharusi. Koili ya shaba, kifaa kidogo kiwekwacho ndani ya kizazi, haina homoni. Ukiwekewa baada ya kutimiza miaka 40, yaweza kukaa hadi hedhi ikome. Ubaya wake, damu huzidi, hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Kama tayari hedhi yako ni nzito, chagua kijiti. Sindano haipendekezwi presha ikifika 160/100.

Mume wangu asema mwanamke wa miaka 46 hazai. Kweli?

Hapana. Uwezo umepungua, haujakatika. Aliyefungwa mirija au kutolewa kizazi ndiye asiye na haja ya kinga ya mimba. Mumeo akichoshwa na mjadala, naye ana mirija: hufungwa kwa ganzi, chini ya nusu saa, ila kondomu ziendelee miezi 3 hadi mbegu zilizobaki ziishe.