Re: Kelele za malori Uyole (Mbeya), nipande miti?

Pole sana mkuu. Umeuliza kama safu ya miti kwenye uzio itawatuliza watoto wanaoshtuka usiku. Ipande kwa ajili ya vumbi na kivuli, ila mstari mmoja wa miti hauzuii sauti, maana sauti inapita kati ya majani. Kinachosaidia ni ukuta mzito wa tofali usio na matundu, mrefu kiasi cha kuficha magurudumu na injini ya lori ukiwa umesimama dirishani. Kabla hujachimba msingi, pima: hifadhi ya barabara kuu (eneo la barabara lisilojengwa) ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007.

Ila mimi ningeanza ndani, ni nafuu zaidi. Wahamishie watoto chumba cha nyuma, leo hii. Halafu washa tochi usiku ndani, mtu asimame nje: panapotoka mwanga, sauti inaingia. Mara nyingi ni chini ya mlango, pembeni mwa fremu ya dirisha, na pale juu ukuta unapokutana na bati. Ziba kwa plasta na mpira wa milango. Kama hakuna silingi bodi, weka, hata mvua utaisikia kidogo.

Baridi yetu ya Juni itapungua pia, lakini nakuomba sana: chumba kilichozibwa usiingize jiko la mkaa, hata dakika chache. Gesi yake ya sumu, isiyoonekana wala kunuka, inaua watu wakiwa usingizini. Acha tundu moja la hewa upande wa nyuma.