Uliza Mjomba: Shika Barabara ya Manjano

*Shikamoo mjomba. Kila Jumapili alfajiri naendesha baiskeli kutoka Kisauni hadi Mtwapa na kurudi. Mwezi wa sita naenda Uingereza wiki tatu kwa dada yangu anayesoma Colchester, na kuna baiskeli ya kuazima inaningoja. Hamu yangu ni zile barabara za mashambani zisizo na magari. Nianzie wapi, na nitajuaje barabara ipi imetulia?*
*Msomaji, Kisauni*

Marahaba, mwanangu. Nilikaa Ipswich miaka minne, jirani na huko uendako, na Jumamosi yoyote isiyo na mvua ilinikuta juu ya baiskeli. Kwa hivyo nipe nafasi nikujibu kwa kirefu.

Anza na ramani. Simu itakufikisha, lakini simu hupenda mkato, na mkato kule mara nyingi hukutupa kwenye barabara kuu pamoja na malori. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey (shirika lao la kuchora ramani), ile ya jalada la waridi iitwayo Landranger, namba 155. Sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita moja ya ardhi. Barabara zimepakwa rangi kwa ukubwa wake: kijani na nyekundu ni zile kuu za herufi A, rangi ya machungwa ni za herufi B, na manjano ndizo za vijijini. Wewe shika manjano. Na hata hizo za manjano ziko nene na nyembamba. Nyembamba ni zenye upana usiofika mita nne, na hizo ndizo zilizotulia, kwa sababu mwenye haraka hazipendi. Ukiona kishale kimoja kimechorwa juu ya barabara, hapo pana mlima wa asilimia 14 hadi 20. Viwili maana yake mkali zaidi. Kishale huelekeza upande wa kuteremka.

Sasa safari yenyewe. Panda treni hadi Sudbury, mji mdogo ulio kwenye mto Stour. Kutoka hapo pita Long Melford hadi Lavenham, kisha shika vijibarabara vya Brent Eleigh, Monks Eleigh na Lindsey mpaka Kersey, halafu urudi Sudbury kupitia Boxford. Jumla ni kati ya kilomita 40 na 50, nawe ukiwa na miguu ya Mtwapa hutachoka. Vilima vipo lakini ni vifupi.

Lavenham usiipite mbio. Ilitajirika karne ya 15 na 16 kwa biashara ya kitambaa cha sufu, na nyumba za matajiri hao bado zimesimama, mbao zao nje, nyingine zimeinama upande kama mzee anayesikiliza habari. Mtu aliyezoea kutembea Mji wa Kale atajua mara moja anachokitazama: huu ulikuwa mji wa wafanyabiashara. Ukishatoka Lavenham ndipo utulivu unapoanza. Barabara inazama kati ya nyua za miti ya miiba zilizokuzidi kimo, ngano ya kijani huku na huku, maua mekundu ya mpopi pembeni. Utasikia mnyororo wako unavyozunguka, basi. Mara ya kwanza nilisimama nikadhani masikio yameziba.

Kersey nitakuhadharisha. Ni mtaa mmoja unaoteremka bondeni na kupanda tena, na huko chini kijito kinakata barabara. Maji yenyewe hupita juu ya lami, na bata humo ndani. Maji hayafiki hata kwenye vifundo, kwa hivyo mimi nikaingia nikikanyaga kwa raha zangu. Sikujua kwamba lami iliyo chini ya maji ina utando wa kijani, laini kama ngozi ya pweza. Gurudumu la nyuma likateleza, nikalala ubavu ndani ya maji, kiwiko kikachunika. Bibi mmoja alitoka mlangoni kwake na taulo bila kuulizwa, akaning'oa changarawe moja moja kwa kibanio. Basi ukifika hapo shuka, ukokote baiskeli yako kwenye kidaraja cha pembeni. Sheria hiyo ishike popote utakapokuta maji yanakata barabara.

Hatari kubwa lakini si maji. Sisi Mombasa tunaendesha kwa honi: tuktuk inapiga, matatu inapiga, unajua nani yuko wapi. Kule hakuna anayepiga honi. Na zile barabara nyembamba, ukiona duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari, gari linaruhusiwa kisheria kwenda maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96. Wengi hawafiki huko, ila mmoja anatosha. Kwenye kona usiyoiona mwisho wake punguza mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya nafasi unayoiona, na usijibanze kabisa kwenye majani. Kaa mahali dereva atakuona mapema. Upande ni wa kushoto kama kwetu. Tangu Januari 2022 kanuni zao za barabarani zinamtaka dereva akuachie angalau mita moja na nusu anapokupita, hata akiwa katika mwendo mdogo. Pasipo nafasi atangoja nyuma yako. Ukifika penye upenyo wa kupishana, simama kando, mwinulie mkono apite. Ukikuta farasi, usipige kengele. Piga hodi kwa mdomo ukiwa mbali, upite polepole na kwa nafasi.

Beba tyubu mbili, viraka na pampu. Ardhi ya huko imejaa mawe ya gumegume, na mvua huyasukuma hadi barabarani yakiwa na ncha kama wembe. Fundi wa chini ya mwembe hakuna.

Na upepo wao mara nyingi hutoka kusini magharibi. Kipande cha Kersey hadi Sudbury kitakupiga usoni, kama unavyorudi kutoka Mtwapa wakati wa kusi. Weka akiba ya nguvu.

*Asalaam aleikum mjomba. Mimi na binti yangu tutakuwa huko pia wakati wa kiangazi, nasi tunapenda baiskeli. Buibui itatuwezesha? Na sala na chakula vijijini vipi?*
*Mama wa Likoni*

Waaleikum salaam, dada yangu. Buibui itawezekana mkipata baiskeli yenye mnyororo uliofunikwa na madigadi pana, isiyo na ule upau wa juu. Ulizeni hivyo hivyo dukani. Na upindo ufungeni kwa mpira upande wa kulia, ndiko kwenye mnyororo.

Sala haitawasumbua. Mwezi wa sita Adhuhuri huingia karibu saa saba mchana, na kati yake na Alasiri kuna zaidi ya saa nne, mnaweza kutafuta kivuli kwa nafasi. Magharibi ni kama saa tatu na robo usiku, kwa hivyo mchana wenu ni mrefu mno. Vijiji vingi vina uwanja wa majani katikati, na kona tulivu hapo haikosekani. Chakula fungeni chenu kutoka nyumbani. Nyama ya halali vijijini msiitegemee. Mayai ya kuchemsha na viazi hufika salama ndani ya mkoba, na chai mtaipata kwenye vibanda vya chai, ingawa haina iliki wala tangawizi.

*Mjomba, baiskeli inaruhusiwa kwenye treni? Na helmeti ni lazima?*
*Kijana wa Changamwe*

Helmeti si lazima kisheria, lakini vaa. Taa ndizo lazima usiku: nyeupe mbele, nyekundu nyuma.

Treni nyingi huchukua baiskeli bila malipo, ila baadhi hutaka uweke nafasi mapema, na zinazoingia London asubuhi au kutoka jioni, saa za watu wa kazi, mara nyingi hukataa. Sudbury unaifikia kwa kubadilisha treni Marks Tey. Kaa dirishani hapo. Muda mfupi baada ya kuondoka utapita juu ya bonde la mto Colne kwenye daraja la Chappel, matao 32 ya matofali yaliyomalizika kujengwa 1849, na huko chini utaziona zile barabara nyembamba.