Maswali ya Wasomaji: Pound ni ratili, pauni au zizi?

Safari hii barua kadhaa zimeangukia neno moja fupi la Kiingereza, pound. Tumezijibu pamoja, maana jibu la moja linasaidia jingine.

Swali. Kamusi yangu kubwa ya Kiingereza imeandika pound mara tatu, kila mara na namba yake ndogo pembeni. Kwa nini maana zote zisiwekwe mahali pamoja?
*Mwanafunzi wa tafsiri, Morogoro*

Jibu. Kwa sababu ni maneno matatu mbalimbali yaliyokuja kufanana sura. La kwanza, la uzito na fedha, limetoka Kilatini. Warumi walisema libra pondo: libra ni jina la kipimo, na pondo ni "kwa uzito". Wajerumani wa kale waliofanya biashara na Warumi walichukua hiyo nusu ya pili, na Kiingereza cha kale kikaitamka pund.

La pili, la kutwanga na kugonga, ni la Kiingereza tangu zamani. Liliitwa punian, halina d popote. Hiyo d waliipachika wasemaji baadaye, kama walivyoipachika kwenye sound, neno la sauti, ambalo Kifaransa hadi leo hulisema son. La tatu ni zizi la kufungia mifugo iliyokamatwa ikizurura, mpaka mwenyewe alipe faini. Ndugu zake ni pond, yaani maji yaliyozuiwa mahali pamoja, na impound, kuzuia mali ya mtu.

Kwa hiyo ukitafsiri usihangaike kutafuta maana moja ya msingi inayoyaunganisha. Haipo. Tazama neno limekaa na nani. Likitanguliwa na namba, ni uzito au fedha. Likifuatwa na kitu kinachopigwa au kusagwa, ni kitenzi. Likitajwa pamoja na mbwa, ng'ombe au gari lililokamatwa, ni zizi, au yadi ya polisi au ya halmashauri.

Mtego mkubwa uko kwenye namba. He lost twenty pounds yaweza kuwa amepungua ratili 20, yaani kilo 9, au amepoteza pauni 20. Uliza kwanza mwandishi ni wa wapi. Mmarekani hupima mwili wake kwa ratili na fedha yake ni dola, basi karibu kila mara anasema uzito. Mwingereza hujipima kwa stone, ambayo ni ratili 14, kwa hiyo pounds zake zinahitaji kuangaliwa mara mbili.

Swali. Fedha na uzito vilipataje jina moja? Na kwa nini kifupi chake ni lb wakati neno lenyewe halina l wala b?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu. Waingereza walitamka pondo lakini wakaandika libra. Lb ni herufi za libra, na alama £ ni L ya libra iliyokatwa mstari. Lira ya Waitalia na livre ya Wafaransa zimetoka hapo hapo.

Upande wa fedha, enzi za wafalme wa Kisaksoni wa Uingereza ratili moja ya madini ya fedha ilihesabiwa kuwa peni 240. Hesabu hiyo ilidumu: pauni moja ilikuwa shilingi 20, na kila shilingi peni 12, mpaka Uingereza ilipohamia mfumo wa mia tarehe 15 Februari 1971. Shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni nayo ilifuata kipimo hicho, shilingi 20 kwa pauni, ingawa yenyewe ilikuwa na senti 100. Ndiyo maana nyaraka za bajeti ya Kenya ziliendelea kuhesabu kwa "pauni ya Kenya" miaka mingi baada ya uhuru, wakati hapakuwa na noti yenye jina hilo.

Kiswahili kimefanya jambo ambalo Kiingereza kilishindwa: kimetenganisha. Pauni ni fedha, ratili ni uzito. Tunawasihi waandishi wasiache tofauti hii ipotee kwa kuandika "paundi" kila mahali. Ratili tumeipata kwa Waarabu, ratl, nao waliipata kwa Wagiriki waliosema litra. Litra hiyo hiyo, kwa njia ya Wafaransa, ndiyo lita tunayopimia mafuta. Wakia nayo ni uncia ya Warumi iliyopitia Uarabuni, na ounce ya Waingereza ni ndugu yake. Katika biashara ya karafuu, frasila moja ilikuwa ratili 35 au 36, kiasi cha kilo 16.

Swali. Mjukuu wetu amezaliwa Marekani. Cheti kinasema 7 lb 8 oz. Nimepiga 7.8 kwa 0.45, nimepata kilo tatu na nusu. Ni sawa?
*Bibi, Tanga*

Jibu. Hongera, bibi. Umekaribia, lakini hesabu ina kosa ambalo wengi hulifanya. Ratili moja (lb) ina wakia (oz) 16, si 10, kwa hiyo ratili 7 na wakia 8 ni 7.5, wala si 7.8. Gawanya wakia kwa 16 kwanza, jumlisha na ratili, kisha zidisha kwa 0.4536. Mjukuu ana kilo 3.4. Kipimo kamili cha ratili moja, kilichokubaliwa na nchi zinazosema Kiingereza mwaka 1959, ni kilo 0.45359237.

Kosa zito zaidi ni la dawa. Dozi nyingi za watoto hukadiriwa kwa kilo. Mtoto wa ratili 22 ana kilo 10. Namba 22 ikiandikwa bila kipimo, na muuguzi akaisoma kama kilo, mtoto atapewa zaidi ya mara mbili ya dawa anayostahili. Kila unapoandika uzito wa mtoto, andika na kipimo chake.

Swali. Je, kuponda kumetoka kwenye pound? Yanafanana sauti na maana.
*Mwalimu, Kigoma*

Jibu. Hapana, yamekutana tu. Ponda ni kitenzi cha Kibantu, na nd yake ni sehemu ya mzizi: pondwa, pondeka, pondana, kipondo. La Kiingereza, kama tulivyoeleza juu, lilikuwa halina d hata kidogo. Ukiyarudisha nyuma yanazidi kuachana, na maneno yenye asili moja hayafanyi hivyo.

Katika kutafsiri kitenzi hiki, usiishie kwenye ponda. Mahindi kwenye kinu hutwangwa, kitunguu saumu hupondwa, mlango hugongwa kwa nguvu au hubamizwa, moyo hudunda, na kichwa kinachouma kwa mapigo hupwita.

Swali. Dhahabu huuzwa kwa wakia. Mbona wakia ya sonara ni nzito kuliko ya dukani?
*Mchimbaji mdogo, Geita*

Jibu. Kwa sababu madini ya thamani yana kipimo chake, kinachoitwa troy. Wakia ya troy ni gramu 31.1, ya kawaida ni gramu 28.35. Bei ya dunia unayoisikia redioni ni ya wakia ya troy. Ukitaka bei ya gramu, gawanya kwa 31.1, anayekugawia kwa kipimo kingine, muulize sababu. Ratili ya troy ilikuwa na wakia 12 tu, gramu 373, nyepesi kuliko ratili ya kawaida ya gramu 454. Sheria ya Uingereza ya 1878 iliifuta, wakia yake ikabaki.

Swali. Nikipiga simu benki huku, sauti inaniambia nibonyeze pound. Natafuta £ kwenye simu siioni.
*Msomaji, Minnesota*

Jibu. Bonyeza #, ile ambayo Tanzania tunaiita reli. Wamarekani waliiandika baada ya namba kumaanisha ratili: 5# ni ratili 5. Inaelezwa kuwa ni lb iliyokatwa mstari na kuandikwa haraka mpaka ikageuka umbo. Iliingia kwenye vitufe vya simu zao mwaka 1968.

Kwenye kompyuta, Shift na 3 hutoa # katika kibodi ya Kimarekani na £ katika ya Kiingereza. Ukihitaji £ kwenye kibodi ya Kimarekani, shikilia Alt uandike 0163 kwa vitufe vya namba vya kulia. Kwenye Mac ni Option na 3. Na ukiona ankara imeandikwa Â£50, hiyo Â si sehemu ya bei: faili limehifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, likafunguliwa kwa mfumo wa zamani unaosoma baiti mbili za £ kama herufi mbili. Lifungue upya ukichagua UTF-8, Â itaondoka.