Kwa dada aliyeuliza kama kumwandikia mbunge wa Marekani kunasaidia chochote kwenye saratani ya kongosho

Dada mleta uzi, pole sana kwa kumpoteza mama. Umeuliza mambo mawili: kama mtu mwenye ukaazi wa kudumu tu, asiye raia, anaweza kumwendea mbunge wake hapa Marekani kudai fedha za utafiti wa saratani ya kongosho, na kama si bora nguvu hizo tukachangishana wenyewe. Kuna mdau hapo juu kakuambia wanasiasa ni walewale, usipoteze muda. Nawajibu wote wawili, maana kaka yangu aliondoka na ugonjwa huuhuu, na tangu hapo huwa naenda Washington na kundi la wagonjwa na wafiwa kila nikipewa ruhusa kazini.

La uraia ni fupi. Mbunge anawakilisha wote wanaoishi kwenye jimbo lake la uchaguzi, wanaopiga kura na wasiopiga. Ofisi itataka kujua unaishi wapi, basi. Mimi sijawahi kuulizwa pasipoti. Kama makaratasi yako yana utata hiyo ni habari nyingine, ongea na mwanasheria kwanza.

Kuhusu kuchangishana: changa, hakuna anayekukataza. Ila maabara haiendeshwi kwa harambee. Watafiti walipwe mshahara, panya watunzwe, sampuli zigandishwe, na hayo yaendelee miaka kumi au zaidi kabla mgonjwa wa kwanza hajaonja dawa. Michango yetu inaweza kumsaidia mtafiti kijana aanze. Wa kumbeba muda wote huo, hata kwa mambo ambayo kampuni ya dawa haioni faida yake leo, ni serikali.

Chukua jeni ya KRAS. Zaidi ya asilimia 90 ya uvimbe wa aina ya kawaida ya saratani ya kongosho una hitilafu kwenye jeni hiyo. Ilijulikana tangu miaka ya 1980, lakini kwa miongo mitatu wanasayansi walisema haishikiki, haina mahali pa dawa kujishikiza. Januari 2013 Obama alitia saini sheria iliyoitaka Taasisi ya Taifa ya Saratani, NCI, iandae mpango kwa saratani ambazo wanaoishi miaka mitano tangu kugundulika ni chini ya asilimia 20 na zinaua watu wasiopungua 30,000 kwa mwaka. Kongosho iliingia moja kwa moja. Mwaka huohuo NCI ilianzisha mradi wa jeni za RAS, ukoo ambao KRAS imo, kwenye maabara ya Frederick, Maryland, na mpango ulipotoka 2014, kuishambulia njia ya RAS kulikuwa kati ya vipaumbele vinne. Mwaka 2021 dawa ya kwanza ya KRAS ikaidhinishwa, kwa saratani ya mapafu. Sasa nyingine za ukoo huo zimefika kwenye majaribio makubwa ya wagonjwa wa kongosho. Sisemi sheria ile ndiyo iliyozaa dawa, kampuni nazo zilifanya kazi yao. Ila waliozunguka kwenye korido za Bunge miaka hiyo, wengi wao wajane na watoto wa marehemu, hawakuzunguka bure.

Kipaumbele kingine cha 2014 kilinigusa zaidi: uhusiano wa kongosho na kisukari kinachoanza ukubwani. Kaka alianza kisukari akiwa na miaka hamsini na kitu, huku anakonda. Akatibiwa vidonda vya tumbo miezi na miezi kabla ya mtu kumpeleka CT skani. Macho yalipogeuka manjano ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini, upasuaji hauna maana tena. Mpaka leo hakuna kipimo cha kuwachunguza watu wote mapema, kama kilivyopo cha matiti au shingo ya kizazi. Ndiyo maana hata sasa wanaofikisha miaka mitano Marekani ni kama asilimia 13. Mwaka 2012 walikuwa 6. Imepanda, ndiyo, lakini nani anaridhika na 13?

Sasa kwa mdau wa "walewale". Mwaka wa fedha 2020 Bunge lilianzisha programu ya utafiti wa kongosho ndani ya Wizara ya Ulinzi (msishangae, wizara hiyo hupewa na Bunge fedha za utafiti wa magonjwa mengi) kwa dola milioni 6. Mwaka uliofuata ikapanda hadi milioni 15 na ikabaki hapo. Machi 2025 ikapitishwa bajeti iliyokata mfuko mzima wa programu hizo za magonjwa kutoka takriban bilioni 1.5 hadi milioni 650, na kongosho ikapata sifuri. Ule ulikuwa mstari mmoja kwenye karatasi: watu waliuandika, watu wakaufuta. Wangekuwa walewale siku zote usingeandikwa kabisa. Na ndiyo maana huendi mara moja ukamaliza.

Ukifika huko usitegemee kumwona mbunge. Utapewa msaidizi, mara nyingi kijana, pengine mkaongea mmesimama kwenye korido kwa sababu chumba kina watu. Safari moja nilikuwa na mama mmoja mjane wa Kimarekani. Ofisi ya kwanza alieleza habari za mumewe mpaka yule kijana macho yakawa mekundu. Kijana akauliza, "Kwa hiyo mnaomba nini?" Mama akasema, "Mtusaidie tu." Kalamu haikugusa daftari. Ofisi ya pili alisimulia kwa dakika mbili, akamalizia: "Tunaomba mbunge aweke milioni 15 za programu ya kongosho ya Wizara ya Ulinzi kwenye maombi yake ya bajeti." Hapo kijana akaandika, akauliza jina kamili la programu, na akatuambia siku ya mwisho ya ofisi yao kupokea maombi.

Barua yako iwe hivyohivyo, ukurasa mmoja. Mama alikuwa nani, kazi yake, dalili zilianza lini na aligundulika lini, kisha kiasi na programu unayoiombea. Takwimu weka moja au mbili, wanazo. Ofisi nyingi hukusanya maombi ya bajeti kuanzia mwishoni mwa msimu wa baridi hadi Machi au Aprili, kwa hiyo barua ya Juni ni ya mwaka ujao. Agosti wabunge huwa majimboni, na ofisi ya karibu na kwako itakupokea bila wewe kupanda ndege.

Andika rasimu uiweke hapa, jina la mama na anwani ukizificha, tuipunguze pamoja.