Mke wangu aje kunitembelea tu, viza atapata?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi niko Marekani mwaka wa 9 huu na uraia nshapata, mwaka jana nikaoa, mke wangu bado yuko kwao. Fomu ya I-130, ile ya kumwombea mke uhamiaji, niliituma miezi 4 iliyopita ila inaenda pole pole kweli, sa nataka aje kunitembelea wiki 6 tu alafu arudi kazini kwake. Nimeandaa barua ya mwaliko, stetimenti za benki, hati ya nyumba yangu, kila kitu. Rafiki yangu ananambia kwenye fomu ajaze hajaolewa, eti akisema ana mume huku ndo basi tena. Mwingine anasema akishaingia tumwombee grini kadi huku huku, asirudi. Nifanyeje? Na tiketi ninunue saa hizi maana bei zinapanda?

JIBU: Kaka yangu, pole na upweke. Nianze na huyo rafiki wa kwanza maana atakuponza. Wewe mwenyewe umeshaiandikia serikali kwamba huyu ni mke wangu, jina lake hili, tarehe ya kuzaliwa hii, na cheti cha ndoa ukaambatisha, alafu yeye aende ubalozi wa serikali hiyo hiyo aseme hajaolewa? Fomu ya DS-160, ndo ya kuombea viza ya matembezi, inauliza habari za mume, na inauliza waziwazi kama kuna mtu amewahi kukuombea uhamiaji. Ajibu ndiyo, basi. Akinyimwa hii ya matembezi mmepoteza dola 185 za maombi, ambazo hazirudi, inauma lakini inaisha, ila uongo kwenye fomu unaweza kumfungia kuingia Marekani maisha, mpaka muanze kuomba msamaha maalum, na hapo hata hiyo grini kadi mnayoisubiri inaingia matatani.

Sa tuje kwenye makaratasi yako. Viza anaomba yeye, huombi wewe, na watu wengi hili hawataki kulisikia. Sheria yao, kifungu cha 214(b), inamhesabu kila anayeomba viza ya matembezi kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe vinginevyo. Barua ya mwaliko wala haihitajiki. Na hiyo hati ya nyumba yako, ndugu yangu, ukiifikiria vizuri ndo inazidi kumwonyesha afisa kwamba mkeo ana mume huku, ana kitanda huku, kwa nini arudi?

Cha maana ni vya kwake: kazi yake, barua ya mwajiri inayosema likizo inaanza lini na anaripoti lini, watoto kama wapo, kiwanja, biashara, safari alizowahi kusafiri akarudi. Na vyote hivyo aviweze kwa mdomo, maana pale dirishani ubalozini mara nyingi ni dakika chache tu na afisa anaweza asifungue hata bahasha. Ataulizwa mumeo anafanya nini kule, atajibu. Alafu linakuja lenyewe: kwa nini usisubiri viza ya uhamiaji? Hapa ndo wengi wanaanza hotuba ya mapenzi, nimemkumbuka sana, na machozi juu, wanajimaliza wenyewe. Aseme tu naisubiri, sa hivi nina likizo wiki 6, tarehe fulani narudi kazini, na ile nyingine ikiwa tayari nitaifuata hapa hapa. Anyamaze.

Sikufichi, na I-130 iko mezani ni kazi ngumu. Siyo marufuku, wapo wanaopata, ila wengi wanarudishwa. Akikataliwa kwa 214(b) hakuna rufaa, anaweza kuomba tena hata kesho akilipa upya, lakini kama hakuna kilichobadilika mi naona ni kuwachangia tu. Kukataliwa hivyo hakuiui I-130 yako, ila fomu za mbele zikiuliza amewahi kunyimwa viza, aseme ukweli.

Huyo rafiki wa pili ana nusu ya ukweli, ndo maana ni hatari. Ni kweli mke wa raia aliyeingia kihalali anaweza kuombewa grini kadi akiwa ndani ya nchi, lakini kuja na viza ya matembezi huku mmeshapanga asirudi ni kumdanganya afisa, pale dirishani na tena pale uwanja wa ndege. Na viza kuandikwa miaka mingapi sijui siyo ruhusa ya kukaa, siku za kukaa ziko kwenye I-94, rekodi ya kuingia anayopewa akifika. Akipitisha zaidi ya siku 180 alafu akatoka, anafungiwa kuingia tena miaka 3, akifikisha mwaka ni 10.

Tiketi usinunue kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti, hata wenyewe ubalozi wanashauri hivo. Alafu we kaka, mbona hujataja kwenda wewe? Pasipoti ya Marekani unayo, likizo bila shaka unayo, na zile stempu na picha mkiwa pamoja unaziongeza kwenye faili la I-130 maana pale mnatakiwa mthibitishe ndoa ni ya kweli. Hiyo hela ya tiketi nunua ya kwako.